Uzito wa Bruno

Kila asubuhi Tumukunde alipaka grisi kwenye maungio ya mkono wa mashine, akaangalia kiasi cha mafuta ya hidroliki, akapangusa kioo kwa kipande cha kitenge kilichochakaa. Kisha alingoja. Punde Bruno alitokea kwenye njia ya migombani akiwa na kofia yake ya pamba, akapanda nyuma ya ekskaveta na kuketi juu ya kifuniko cha injini, miguu ikining'inia. Mashine ilididimia kidogo upande wa nyuma, ikatulia. Hapo ndipo Tumukunde alipoingia kwenye kiti na kuwasha.

"Mwaramutse, Papa Bruno," alimwamkia kila siku, maana heshima ni heshima. Bruno hakujibu. Tangu afe alikuwa mchache wa maneno, na hata kabla ya hapo hakuwa msemaji.

Ekskaveta ilikuwa ndogo, ya kuchimbia mitaro na misingi ya nyumba, na kwa kazi hiyo haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa mbele, kwenye kichwa cha kusagia vichaka, lile pipa la chuma lenye meno linalozunguka na kugeuza kichaka kuwa makapi. Mwenye mashine, Mzee Nzabonimana, ambaye wote walimwita Patron, alikinunua ng'ambo, Bukavu, kwa njia ambayo watu wa mpakani hununulia vipuri: unachomoa kile cha kwako, unakifunga kwenye kitenge, unavuka nacho daraja, unakijaribisha. Patron alivuka na pini ya mkono wa mashine. Muuzaji, mtu mmoja aitwaye Muderhwa, akaisukuma pini kwenye tundu la kichwa, ikaingia laini mpaka mwisho, wakapeana mikono. Hakuna aliyeuliza kichwa kina uzito gani, wala kinataka mafuta mengi kiasi gani kutoka kwenye pampu ili kizunguke. Pini imeingia, basi vimepatana. Ndivyo watu wanavyonunua mfuniko wa sufuria, na kwa sufuria njia hiyo haina ubaya.

Kichwa kilikuwa cha mashine kubwa zaidi, tena kubwa sana. Kikikutana na shina nene kiliishiwa nguvu, mafuta yakachemka, dereva akakaa kungoja yapoe. Hilo lilivumilika. Lisilovumilika ni kwamba mkono ukinyooshwa, kichwa kiliinamisha mashine nzima, na minyororo yake ya kutembelea ikaachana na ardhi kwa nyuma. Bruno alimweleza Patron. Patron akamwambia kwamba dereva mzuri anajua kuibembeleza mashine. Kwenye mteremko wa Gashonga, juu ya mihogo ya watu, Bruno aliibembeleza mpaka ikampindukia.

Waliinua mashine, wakanyoosha kibanda cha dereva kwa nyundo, wakamzika Bruno. Asubuhi iliyofuata mazishi alikuja kazini kama kawaida.

Tumukunde, aliyechukua nafasi yake, alimkuta ameshakaa. Patron naye alikuja kujionea. Aliamuru mkono unyooshwe wote, akainama kuchungulia chini, akakuta minyororo imelala ardhini kama inavyotakiwa. Bruno hakumwangalia usoni. Patron alisema sasa mambo yako sawa, na habari ya kutafuta kichwa chepesi, ambayo alikuwa ameizungumzia msibani mbele ya watu, haikusikika tena.

Shida ilikuwa moja. Marehemu hukaa karibu na wenzake mpaka siku familia inapoanua matanga. Siku hiyo watu hunywa pamoja, hufagia majivu ya moto wa uani, hushika majembe tena, naye anakwenda zake. Patron alilijua hilo kama kila mtu. Ndiyo maana kila mchele ulipopungua kwa Larissa, mjane wa Bruno, pikipiki ilifika kutoka Bugarama na gunia lingine, pamoja na salamu za Patron kwamba msiba hauna haraka. Turubai lilibaki limetundikwa uani mpaka jua likalitoboa. Mashemeji walilala mikekani, wakachoka, wakanuniana. Shambani maharage yalimezwa na magugu, kwa sababu mfiwa hashiki jembe.

Kisha Patron akapata kazi ya kusafisha vichaka kando ya barabara ya Bweyeye, kule karibu na msitu, ambako mbuzi mwenyewe hupanda kwa kufikiri. Tumukunde aliogopa. Aliogopa akila, aliogopa akimsuka nywele binti yake Umwali, aliogopa hata kanisani katikati ya wimbo. Alikulia Congo, akarudi na mkoba mmoja na watoto, mume akabaki huko huko, na kazi hii ndiyo iliyokuwa paa lao.

Alikwenda kwa Larissa akiwa amejipanga la kusema. Wamalize matanga, marehemu apumzike. Bruno akishaondoka, mashine haitanyoosha mkono hata kidogo, na Patron, apende asipende, atatafuta kichwa kinachoifaa. Larissa alimsikiliza huku akikoroga sufuria.

"Maman Umwali, mi nachoka," alisema. "Bruno naye anachoka. Kila nikimuota iko anashika mugongo. Na hii mucele njo batoto banakula. Lakini tulipatana, Dimanche tumalize kilio."

Jumapili ilikuwa ile inayokuja. Kazi ya Bweyeye ilikuwa inaanza Jumatatu. Tumukunde aliona ule mteremko, akajiona yeye juu yake bila mtu nyuma.

"Maman Larissa," alisema, "mungoje kwanza Bweyeye iishe."

Aliyasikia maneno yake mwenyewe na uso ukamwaka kwa aibu. Larissa aliendelea kukoroga. Alisema basi, watangoja.

Mashine ilipelekwa Bweyeye juu ya lori, Bruno akiwa amekaa mahali pake, ameshika kofia kwa sababu ya upepo. Kwenye mteremko wa kwanza Tumukunde alinyoosha mkono polepole, na akahisi kiti kikiinuka chini yake. Alipogeuka alimwona Bruno amejivuta mpaka ukingo wa mwisho wa kifuniko, amelala chali karibu aanguke, mishipa ya shingo imemtoka. Minyororo ilining'inia kidogo hewani, kisha ikarudi chini. Tumukunde alizima injini. Akakaa pale pale mpaka Patron alipofika.

Patron alitaka kujionea, injini ikawashwa na mkono ukanyooshwa tena. Akaona mwanga chini ya minyororo, akajikuna kidevu.

"Bruno peke yake hatoshe," alisema.

Tumukunde akasema kwamba kichwa ndicho kisichofaa, ni kizito kwa mashine hii. Patron alimjibu kwa upole kwamba pini iliingia, yeye mwenyewe aliona. Kisha akamuuliza habari za watoto, na kama pale nyumbani kuna mtu mzima anayeweza kusimamia msiba mkubwa. Tumukunde alisema yuko dada yake, Uwera. Patron akaridhika, akamwambia kazi iendelee kesho. Kando ya barabara alisimama mwanamume mmoja aliyekuja kuomba kazi ya udereva, glavu zake mwenyewe mkononi, nao wote wawili walimwona.

Asubuhi Tumukunde alikuwa anapaka grisi simu ilipolia. Alikuwa Umwali, akipiga kutoka nyumbani, pikipiki ikinguruma nyuma yake.

"Maman, moto imeleta mucele, saki mbili, na bashi mupya ya kilio. Anasema ni ya Patron. Tufanye je?"

Tumukunde aliangalia mawingu juu ya msitu. Yalikuwa mazito.

"Mchele na turubai muingize ndani," alisema. "Isilowane."

Akaangalia mafuta, akapangusa kioo. Bruno alikuwa amewahi kuliko siku zote. Alikuwa amesogea mpaka upande wa kushoto wa kifuniko cha injini, na upande wa kulia ameweka kofia yake, kama watu wanavyomwekea jirani nafasi kwenye benchi la kanisa.

"Mwaramutse, Papa Bruno."

"Mwaramutse, Maman," alijibu Bruno.

Tumukunde akaingia kwenye kiti, akawasha.