Kipande Kilichozidi

Fundi mkuu, ambaye karakana nzima ilimwita Sentimita, alikuwa ameshapiga hesabu yake: vipande mia kwenda, mia kushuka, jumla kumi elfu, pazia limekaa mraba. Kila aliyewahi kufanya kazi kiwandani aliombwa kipande cha sare yake, upana wa kiganja, viungwe kuwa pazia moja la kumbukumbu. Vya marehemu vililetwa na jamaa zao. Bibi alichelewa. Asubuhi ile alikuja na kipande cha bluu cha mumewe, na vipande vikawa kumi elfu na kimoja.

"Bibi, hiki kimezidi," alisema Sentimita. "Nitakutilia kwenye fremu, utundike sebuleni."

"Sebuleni hakufanya kazi, mwanangu. Alifanya kazi hapa, miaka thelathini na mmoja."

"Nikikiunga kitaning'inia peke yake kama jino bovu."

"Basi achana na mraba. Tafuta safu nyingine."

Mwalimu mstaafu, aliyekuwa akiandika orodha ya majina, alivua miwani. "Nimeshajaribu, dada yangu. Nimegawa mpaka hamsini, kila mara kinabaki kitu. Namba hii imezaliwa kapera, haina mwenzi."

"Mbona hamsini?"

"Nilichoka."

Bibi akavuta kiti, akachukua chaki ya kukatia nguo. Shule aliiacha darasa la nne, lakini alifunga marobota kiwandani humo miaka ishirini, na kupanga safu zisizobakiza kitu ndiyo iliyokuwa kazi yake.

"Mia mara mia ni kumi elfu," alisema. "Kama safu zipo, upande mfupi hauvuki mia. Wewe umefika nusu ya njia, ukarudi kunitangazia msiba."

Akaanza pale Mwalimu alipoachia. Hamsini na moja aliiruka, kwa kuwa tatu inaingia humo, na tatu ilishagoma. Hamsini na tatu, ikabaki thelathini na saba. Hamsini na tisa, ikabaki thelathini. Sentimita akakohoa, akasema mashine zinamsubiri.

"Zisubiri. Na mimi nilisubiri foleni."

Sitini na moja ikagoma. Sitini na saba. Sabini na moja. Meza ya kukatia ilijaa chaki hadi ukingoni, akasogeza mkasi wa watu na kuendelea.

Sabini na tatu. Aliteremsha ile moja ya mwisho, moja ya mumewe, ikawa mia tano kumi na moja. Mara saba. Sifuri.

Hakutabasamu. Alirudia kwa kuzidisha, sabini na tatu mara mia moja thelathini na saba, huku Mwalimu akimfuata kwa penseli.

"Kumi elfu na moja," Mwalimu alisema polepole. "Kamili."

"Litakuwa refu," alisema Sentimita.

"Ukuta wenyewe mrefu. Kapime."

Alikwenda, akapima mara mbili, akarudi ameukunja utepe mkononi. "Linaenea. Haya, Bibi, umeshinda. Nitakiweka chini kule pembeni."

"Katikati."

"Bibi jamani."

"Mia kwa mia haikuwa na katikati. Hili linayo. Safu ya thelathini na saba, kipande cha sitini na tisa. Hesabu upande wowote uutakao." Akakilaza kile kipande cha bluu juu ya chaki, akakinyoosha kwa kiganja. "Nami nakaa hapa mpaka nikuone umekiunga."