Oili ya Kuuzia

Kwanza tuelewane. Mimi si tapeli. Mimi ni fundi wa injini za dizeli, mwaka wa kumi na tisa huu, na mwenye kusema vingine aje gereji aniambie machoni. Ninachosema ni kwamba kazi hii ina oili za aina mbili, na wenye magari wote wanalijua hilo hata wakijitia hawajui. Kuna oili ya kuendeshea na kuna oili ya kuuzia.

Ya kuendeshea haina maneno mengi. Unafungua kitabu cha gari, unasoma namba, unanunua namba hiyo, basi. Pikapu nyingi za dizeli zinataka kumi na tano arobaini, ambayo asubuhi ni nyepesi injini ikiwa baridi, na ikishachemka bado ina nguvu. Lakini nani anafungua kitabu? Kila mtu anakuja na elimu yake. Mmoja anaisugua oili kati ya vidole huku amefumba macho. Mwingine anachagua galoni yenye mfuniko unaobana, maana mkewe anaitaka ya kuwekea mafuta ya taa. Daktari mzima wa meno aliniambia anataka oili nyekundu kwa sababu gari lake jekundu. Nikamuuliza, na meno ya watu anayatibu kwa rangi? Akanuna, akahamia gereji ya jirani. Aende zake.

Ya kuuzia ndiyo inayotaka fundi. Injini imechoka, inagonga, ukifungua mfuniko wa oili inakupumulia moshi usoni. Unamwaga ile iliyomo, unatia nzito, namba hamsini, na juu yake kopo la ile dawa inayovutika kama asali. Uzito ule unajaza kila palipolika. Kelele zinakufa, moshi unapungua, na gari linanguruma kwa upole muda wa kutosha kupata mwenyewe mpya. Baada ya hapo shauri ya aliyenunua.

Ijumaa Afisa Mstaafu aliniletea pikapu yake. Huyu mzee alistaafu miaka minane iliyopita lakini mdomo wake bado uko ofisini.

"Fundi," akasema, mikono nyuma, "chombo hiki kimetunzwa kwa mujibu wa taratibu zote. Hata hivyo, kwa siku za karibuni kinatoa sauti zisizoendana na hadhi yake."

Nikawasha. Jamani! Iligonga mpaka mbwa aliyelala kivulini akahama.

"Mzee, beringi zimekwisha. Hii inataka kufunguliwa injini nzima."

"Sikukuomba uchunguzi. Nimekuomba oili. Nichagulie itakayoifanya izungumze kwa adabu. Mteja anakuja kesho saa nne."

Nikamchagulia. Na nisifiche, kazi ile niliifanya kwa mapenzi. Nikatia, nikasikiliza kwa bisibisi niliyoibana sikioni, nikaongeza nusu kopo la dawa kwa maringo tu, nikasikiliza tena. Ilipofika saa kumi alasiri injini ilikuwa inaongea kama mtu aliyekwenda kuomba kazi. Afisa akanipa changu, akaondoka amejaa tabasamu.

Jumamosi asubuhi na mapema mama mkwe akabisha hodi kwangu. Sasa, huyu mama ni mwoka mikate, mchapakazi kwelikweli, ila mimi hajanikubali tangu siku ya kwanza. Binti yake alimtakia mhasibu. Miaka tisa ya ndoa hajawahi kuniomba hata nimkazie skrubu ya mlango. Nikienda kwake ananipa kile kiti cha plastiki cha pembeni, eti kwa sababu ya suruali zangu, na mimi siku za kwenda kwake navaa suruali safi!

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba." Hakutaka hata kukaa. "Nina shida. Shule mbili na hospitali wamekubali niwapelekee mikate kila siku. Nisipokuwa na gari langu mwezi huu wanampa mwingine. Nimeuza kile kiwanja alichoniachia marehemu, na sina kingine cha kuuza. Kuna pikapu nimeambiwa. Magari mimi siyajui, wewe unayajua. Twende ukanisikilizie."

Nilifurahi, nisidanganye, nilifurahi kama mtoto. Nikaoga, nikavaa shati la pasi, nikarudi kuoga kwa sababu bado nilijinusa dizeli. Mke wangu alinicheka mpaka akakaa chini.

Njiani mama akawa ananieleza habari za tanuri lake jipya. Tulipokata kona ya pili nikaliona lile geti la kijani la Afisa Mstaafu, nikapunguza mwendo.

Afisa alitupokea uani. Aliponiona alikodoa macho, mara moja tu, kisha akajitia hamnazo. "Ah, mama umekuja na mtaalamu! Vizuri sana. Ushauri wa kitaalamu ni jambo la msingi."

Ningesema palepale. Sikusema. Nikajipa akili kwamba injini itajisema yenyewe, kwa sababu oili ikichemka sana inalainika, na ikilainika kelele zinarudi. "Iwashwe," nikasema, "na iachwe iwake saa nzima."

"Hata mbili," akasema Afisa.

Tukakaa. Robo saa, nusu saa. Nikaingia ndani, nikakanyaga mafuta mpaka mwisho, nikashikilia. Wapi! Ikanguruma kwa heshima zake zote. Ile nusu kopo ya maringo ndiyo iliyokuwa inaniadhibu. Moyoni nilikuwa naibembeleza: gonga, gonga basi, shetani wewe, gonga hata mara moja. Sijawahi kuichukia kazi ya mikono yangu namna ile.

Mama alikuwa amefumba macho, anasikiliza. "Yaani hata mimi nisiyejua kitu naona imetulia," akasema. Akanishika bega. "Unasemaje, mwanangu?"

Mwanangu! Miaka tisa nalisubiri neno hilo, leo linakuja mahali kama pale. Afisa alikuwa ameshatoa kalamu na karatasi za mauziano.

"Usinunue, mama."

"Kwa nini?"

"Injini imekufa. Unachokisikia hapo ni oili. Imetiwa nzito kuficha."

Afisa akasimama wima. "Hizo ni tuhuma nzito! Oili hiyo ilichaguliwa na nani? Ilitiwa na nani, jana, saa kumi alasiri? Mwambie mama yako!"

Nikamgeukia mama. Pikapu nayo ikaendelea kunguruma taratibu, haina habari.

"Ni mimi," nikasema.

Nilitegemea matusi, na ningeyapokea kwa shukrani. Mama hakutukana. Alifunga mkoba wake, akamuaga Afisa kwa adabu, tukatoka. Tulipofika barabarani akauliza, "Kabla ya hii ni wangapi?"

"Mama, hii ni kazi tu, kila gereji inafanya..."

"Nimekuuliza wangapi. Hapa mtaani."

Njia nzima ikawa ya kuwataja waliouziwa. Seremala. Mwenye duka la vioo. Kocha wa mpira. Yule mkunga wa zahanati. Nilifika wanane nikajifanya wamekwisha. Akaendelea kutembea tu, mpaka nikataja wengine watatu. Mlangoni kwake hakunikaribisha hata kwenye kiti cha plastiki.

Jumatatu nafika gereji, pikapu zimepanga foleni mpaka nje barabarani. Mama mkwe amekaa juu ya tairi langu kuukuu, kapu la mikate magotini, anawagawia watu.

"Huyu hapa," akawaambia. "Mkwe wangu ana mikono mizuri, hilo silikatai. Leo atamwaga hizo oili zote. Atamwambia kila mtu ukweli wa injini yake, na atamchagulia ya kuendeshea. Na hatachukua kitu kwa mtu."

Nikafura. Haki ya Mungu, nilifura! Hawa si watoto. Walinunua kwa macho yao na masikio yao, na walioniagiza kutia ni hao waliowauzia, mbona hao hawakuitwa? Hotuba ninayo kichwani, nimeipanga vizuri. Nikaona nianze kazi na gari la kwanza, niitoe huku nafungua nati.

Gari la kwanza lilikuwa la mkunga. Pikapu nyeupe, nyuma ina turubai na godoro, ndiyo anayobebea wajawazito wa huko mbali. Nikaingia chini, nikafungua. Oili ikashuka kivivu, nene, nyeusi. Mkunga akachuchumaa kuitazama.

"Ndiyo hii inayolizuia lisiwake asubuhi?"

"Ndiyo, dada. Ikipata baridi inaganda, injini inashindwa kuzunguka. Lakini miaka miwili yote hii hukuimwaga?"

"Namwaga kila wakati. Narudishia namba hiyohiyo." Akanyoosha kidole kwenye boneti. "Si uliniandikia kwenye kikadi? Namba hamsini, usibadilishe."

Nikakumbuka. Niliandika, ili kelele zisirudi akaja kuniuliza maswali.

"Nalilaza pale kwenye mteremko wa shule," akasema, "ili wakiniita alfajiri nilisukume. Kuna siku halikuwaka kabisa, mama wa watu akajifungulia barabarani, tumemkinga kwa khanga." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililoniumiza. "Nilidhani ni mimi. Mara mbili nimerudi kujifunza udereva. Mwalimu akaniambia wanawake tuna mkono mbaya kwenye ufunguo, nikamwamini. Kumbe si mimi?"

"Si wewe, dada."

Ile hotuba sikuikumbuka hata neno moja. Niliona aibu, aibu hasa, ya kunichoma masikio. Oili ilikwisha kushuka, ikawa inadondoka tone moja moja, mwisho ikakata, na mimi bado niko chini ya gari nimeshika nati. Nilibaki hapo mpaka mama mkwe alipogonga boneti akasema nitoke, watu wanasubiri.