Vigingi vya Mama Buti

Mtu akija shambani kwako na swali moja, mjibu. Akija na maswali kumi na mawili na daftari, funga lango kwanza ndipo mzungumze. Mimi nilikosea, nikamkaribisha.

Alikuwa ofisa mipango wa manispaa, mwanamke wa makamo aliyevaa buti za mpira hata siku ya jua kali, kwa hiyo sisi wenye mashamba ya kando ya mto tukamwita Mama Buti. Alisema manispaa inataka kuanzisha bustani ya wananchi kwenye lile pori la bondeni, pamoja na njia ya kutembea kwa miguu itakayofuata ukingo wa mto kupita nyuma ya mashamba yetu hadi barabara kuu. Ukingo wenyewe ni mali ya umma, alisema, lakini hawezi kupanga chochote kabla hajaongea na kila jirani.

"Shikamoo, baba. Unalima nini huku mwisho?"

"Kabichi na vitunguu."

"Unapiga dawa lini na lini?"

"Wadudu wakija."

"Mbwa wako ni mkali?"

Hapo nikamtazama vizuri. Mtu anayetaka kujua ratiba yangu ya dawa, mwezi ninaovuna na tabia ya mbwa wangu, anatafuta nini kama si mwanya wa kuingilia? Aliandika yote. Akasema wakati wa kupiga dawa njia itafungwa kwenye kipande changu, na kutapandwa uzio wa miiba ili watembeaji wasikate kona kwenye kabichi zangu. Maneno matamu sana. Nimeishi miaka hamsini na nane, najua mtu anapopakwa mafuta kwa mgongo wa chupa.

Tulishuka pamoja hadi mtoni. Vijana wake wawili wakapigilia vigingi vyenye vichwa vyekundu, sita kwenye kipande changu, hatua nne kutoka tuta langu la mwisho. Mama Buti akasema, "Hapa ndipo njia itakapopita. Kati ya hapa na shamba lako ni uzio. Kuna tatizo?"

"Nitafikiria," nikasema. Karatasi yake ya makubaliano sikuisaini.

Jirani yangu wa upande wa juu ni mdogo wangu wa kike, tumbo moja. Baba alipotugawia shamba hakuita mpimaji. Alitupa jembe kila mmoja, tukachimba mfereji pamoja, yeye akitokea chini na mimi nikitokea juu, na tulipokutana katikati baba akasema mpaka ndio huo. Mfereji upo hadi leo, unamwagilia kwake na kwangu. Mdogo wangu alipoachika alirudi na watoto watatu, akaanzisha kitalu cha miche ya nyanya, pilipili na miti ya matunda. Watoto wote watatu wamesomeshwa na kitalu kile. Hana kazi nyingine, wala hana kipande kingine cha ardhi.

Jioni ile nilimkuta akimwagilia.

"Umesaini?" nikamuuliza.

"Nimesaini. Kwangu njia haigusi hata jani moja, kaka. Inapita kule chini kabisa, ikifika kwako inafuata mto."

"Inafuata mto leo. Kesho itafuata nini?"

"Kaka, wewe hata mvua ikinyesha unauliza nani kaituma." Akacheka, akaendelea kumwagilia. Majirani wananiita Darubini, na yeye ndiye aliyelianzisha jina hilo.

Sikucheka. Usiku nililala macho juu, nikipiga hesabu. Wakianza na hatua nne, mwakani watataka nne nyingine za mabenchi, halafu choo cha watembeaji, halafu kibanda cha soda. Hasira ilinipanda kama nimeshaibiwa tayari.

Siku ya pili, saa saba mchana, watu wote wakiwa majumbani wanakula, nilishuka na nyundo. Niling'oa vigingi vyote sita nikavisogeza hatua nane kuelekea mtoni, mpaka kwenye udongo laini unaobonyea ukikanyaga. Nilijiambia siibi, nalinda. Kigingi cha tatu kikapasuka nilipokuwa nakipigilia. Mti wa manispaa, laini kama kibiriti. Ikabidi nirudi nyumbani nikachonge kingine, nikakipaka kichwa kwa rangi iliyobaki nilipopaka lango. Wekundu wake ulifanana na wa vile vingine kabisa. Nikakipigilia, nikafukia matundu ya zamani, nikarudi kula. Chakula kilikuwa kitamu siku hiyo, sitadanganya.

Wiki moja baadaye walikuja wapimaji wenye mashine ya miguu mitatu. Walikuwa watu wengine, si wale vijana wa mwanzo. Walipima vigingi kama walivyovikuta, wakaandika, wakaondoka. Mimi nilikuwa nimechutama nyuma ya kabichi naona kila kitu. Nikajisifu kimoyomoyo.

Mwezi uliofuata tuliitwa darasani, katika shule ya msingi iliyo karibu, kuonyeshwa ramani ya rasimu. Tulibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Majirani walikuwa wamenichagua niwasemee, kwa sababu ya hilo jicho langu. Mama Buti alibandika ramani ubaoni, na kabla hajasema neno mdogo wangu alikuwa ameshasimama.

Alikwenda hadi ubaoni. Akaweka kidole kwenye mstari mwekundu, akaufuata taratibu. Ulitoka bondeni, ukapita mashamba ya chini, na ulipokaribia kwangu ukaacha mto. Ulipanda kilima, ukaambaa na mfereji wetu na kukatiza katikati ya kitalu chake, halafu ukatokea barabarani.

"Hiki ni kitalu changu," akasema.

"Ndiyo, mama," Mama Buti akajibu kwa sauti ya chini. "Jambo hili nimeliona jana na halikunipendeza. Vipimo vinaonyesha kwamba kwa kaka yako nafasi haitoshi. Kutoka vigingi hadi maji ni hatua mbili tu, na udongo ni tope. Hatuwezi kupitisha watu hapo, wataanguka. Wataalamu wakaipandisha njia juu kabla haijafika kwake."

"Uliniambia haigusi hata jani."

"Nilikuambia hivyo, na niliamini hivyo."

Darasa likachafuka. Jirani wa mwisho, mfuga ng'ombe, akageuka kunielekea. "Darubini alitwambia. Alitwambia watu hawa hawaaminiki, tukamwona mbishi." Wengine wakaitikia. Mwingine akanipiga bega. Na mimi, Mungu anisamehe, kwa dakika moja hivi kichwa kilinivimba. Nilisimama nikaanza kusema kuhusu haki ya mkulima. Kisha nikamwona mdogo wangu bado ameweka kidole pale pale kwenye ramani, hakitoki, na sentensi ikanikatikia mdomoni. Watu wakadhani ni uchungu.

Mama Buti hakujitetea. Alifungua daftari lake, akapekua, akakunja uso. "Siku ile niliandika hatua kumi kutoka kigingi hadi maji. Kumi. Leo ni mbili. Mto haukusogea. Naomba twende tukaangalie sasa hivi, wote."

Tukaenda wote, watu kama kumi na watano, tukiwa tumepangana mstari. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza watu kuitembea njia ile. Njiani kila mtu alikuwa na mshukiwa wake. Wengine walisema kuna mkubwa anataka kitalu kile ajenge. Mfuga ng'ombe aliapa kwamba Mama Buti ndiye aliyehamisha vigingi, halafu amejidai kushangaa. Mimi nilitembea nyuma ya wote. Jasho lilinitoka ingawa kulikuwa na upepo.

Pale mtoni Mama Buti alipima kwa hatua zake, buti zikizama. Mbili. Akamgeukia kiongozi wa wapimaji, kijana mwembamba aliyekuwa amekuja na mashine yake mgongoni.

"Nyinyi mlivikuta hapa hapa?"

"Hapa hapa, madamu. Hatukugusa."

"Basi nani amegusa? Vijana wa mwanzo ni wako pia. Kazi hii nilikukabidhi wewe."

Kijana akaanza kupekua karatasi zake. Mdogo wangu alikuwa ameinama. Alishika kigingi cha tatu, akakitikisa, akakivuta. Udongo laini haukumzuia. Kikatoka kizima, akakifuta ncha kwa kiganja.

Ncha ilikuwa nyeusi.

Baba yetu hakuwahi kuweka mti ardhini bila kuuchoma ncha kwanza. Alisema mchwa hali mkaa. Alitufundisha sote wawili tukiwa wadogo, tukigeuza nguzo kwenye makaa mpaka ziwe nyeusi kiasi cha shubiri moja. Nguzo za lango langu zimechomwa. Nguzo za kitalu chake zimechomwa. Mimi nilikichoma kigingi kile bila hata kufikiri, jinsi mtu anavyofunga vifungo vya shati. Nilikuwa na haraka, nilikuwa nafanya kosa, na bado nilikwenda jikoni nikakichoma vizuri, pande zote.

Akaking'oa cha nne. Ncha nyeupe, mti wa manispaa. Akakiweka chini. Cha tatu alibaki nacho mkononi.

Hakuna mwingine aliyeelewa. Walikuwa wanabishana. Yeye akaja mpaka nilipo, akasimama karibu, akaongea kwa sauti ambayo ni mimi tu niliyeisikia.

"Kaka, hiki kigingi ni cha nani?"

Alikuwa ananipa nafasi. Leo naliona hilo wazi. Hakupiga kelele, hakuniita mwizi mbele za watu. Aliniuliza tu.

"Cha manispaa," nikasema. "Si unaona rangi?"

Aliniangalia. Mdogo wangu ameniangalia kwa namna nyingi maishani, kwa hasira, kwa kunicheka, kwa kunihurumia mke wangu alipofariki. Namna hii sikuwa naijua. Alitikisa kichwa taratibu kukubali, kama mtu aliyeambiwa bei na hana nia ya kununua tena.

Nyuma yake Mama Buti alikuwa anamwambia kijana kwamba kesho asije kazini mpaka aitwe. Kijana aliitua mashine, akaisimamisha kwenye nyasi asijue afanye nini na mikono yake.

"Mwacheni," nikasema.

Hawakusikia. Nikarudia kwa nguvu.

"Mwacheni huyo kijana. Nilivihamisha mimi. Vyote sita. Hicho alichoshika mdogo wangu nimekichonga mwenyewe."

Mfuga ng'ombe alitema mate pembeni. Yule aliyenipiga bega darasani akasogea hatua moja mbali nami, na mimi nikajua jina la Darubini limebadilika maana, wataendelea kuniita hivyo lakini kwa kicheko kingine.

Mama Buti hakunifokea. Heri angenifokea. Alifungua daftari, akaandika, akaniuliza matundu ya zamani yako wapi. Nikamwonyesha moja moja, nikifukua kwa vidole. Hatua nne kutoka tuta langu la mwisho, sehemu yenye magugu matupu ambayo sijawahi kupanda hata mchicha. Hicho ndicho nilichokuwa nalinda. Akavirudisha vigingi, akasema mstari utarudi mtoni na kitalu hakitaguswa. Kisha akatoa ile karatasi yake ikiwa imekunjamana, nikasaini nikiwa nimeiweka pajani. Njia itafungwa siku za dawa, ilikuwa imeandikwa. Uzio wa miiba, gharama ya manispaa. Yote aliyosema siku ya kwanza yalikuwa mle, neno kwa neno, tarehe ni ile ile.

Nikadhani yameisha. Watu wakaanza kupanda kurudi. Mdogo wangu akamsogelea kijana wa mashine.

"Mwanangu, mkiwa mnapima huku, mnaweza kunipimia na mpaka mwingine?"

"Upi, mama?"

"Wangu na kaka yangu. Huu wa mfereji."

Kijana alinitupia jicho, akamtazama Mama Buti, akasema inawezekana, kesho kutwa.

Siku hiyo ilipofika niliamka mapema. Nilichonga vigingi vinane vya mti mgumu, nikakoka moto, nikavichoma ncha shubiri nzima jinsi tulivyofundishwa. Nikavibeba begani hadi kwenye mfereji, nikawakuta wameshaanza. Mdogo wangu alikuwa amesimama upande wake.

"Nimekuletea," nikasema.

"Asante, kaka. Acha tu. Wana vya kwao."

Nikaweka mzigo chini. Wakapigilia vyao kimoja baada ya kingine, kutoka juu hadi chini, katikati ya mfereji tuliouchimba wenyewe. Vilikuwa vyeupe hadi ncha. Kwa udongo wetu mchwa watavimaliza kabla ya miaka miwili kuisha. Nilitaka kumwambia hivyo, nikaona atajiuliza nina nia gani, nikanyamaza.