Ziwa Lilipokuja Kumjulia Hali Bi Miche

Jumamosi mchana, mkwe wa Bi Miche alikuwa uani anaanika mashuka, akaona maji yanaingia taratibu mlangoni, na bata juu yake. Akalitambua. Ni lile ziwa la bustani kubwa iliyo nyuma ya ukuta.

"Mama," akaita, "una mgeni."

Bustani ile kila mtu anaisifia, na haki yake isifiwe. Uzuri wake acha tu! Njia zinapinda chini ya miti, kivuli mwanzo mwisho, na kwenye sehemu za mandari nyasi ni laini hadi watu wazima wanavua viatu bila kuambiwa. Miti hiyo karibu yote aliiotesha Bi Miche, ndiyo asili ya jina lake. Enzi za kazi, kila asubuhi kabla hajashika ndoo, alishuka ukingoni akaliuliza ziwa, "Umelalaje?" Kisha akangoja kidogo. Wenzake walimcheka weee, mpaka wakachoka wenyewe.

Alipostaafu, lango la nyuma, la upande wa mtaa wake, likafungwa. Uongozi ulisema watu wa mtaa ule wanaharibu mandhari. Lango kubwa liko mbali, na magoti ya Bi Miche yalishagoma. Alibaki na hamu moja tu: akae tena chini ya mti wake wa kwanza, miguu majini, kabla hajafa. Mkwewe akaenda kuomba afunguliwe, japo mara moja.

"Nikimfungulia mmoja, kesho watakuja wote," meneja alisema, kwa upole kabisa.

"Wote wanaotaka kivuli?"

"Hao hao."

Basi ziwa likaona kimya kimezidi, likaja lenyewe. Lilipita chini ya lango, lote zima, na kufuli halikulowa. Wala halikuja mikono mitupu. Lilileta samaki wawili wanono.

"Karibu, pita ndani, usisimame mlangoni," mkwe alisema, huku akipandisha cherehani juu ya meza.

Bi Miche alitumbukiza miguu. "Umelalaje?" akauliza, na safari hii akajibiwa. Walipiga soga hadi jioni. Taswira ya mti wake wa kwanza ilikuwa bado imo majini, matawi chini, shina juu. Aliishika kwa vidole, akalia kwa furaha. Lakini haikutoa kivuli, na jua la uani lilimchoma utosini.

Kule bustanini, familia ziliendelea kula zikitazama matope. Meneja ndiye aliyekuja mbio, akavua viatu mlangoni, akalisihi ziwa lirudi, mashua zimelala ubavu. Ziwa lina adabu zake. Liliaga, likaondoka kabla ya giza, na Jumamosi iliyofuata likaja tena. Mtaa ukazoea, ukaanza kuanika nguo Ijumaa.

Siku moja asubuhi nyundo zikasikika langoni. Meneja kaleta fundi! Bi Miche akavaa gauni la kutokea, mkwewe akamfunga kamba za viatu, wakajikongoja hadi pale.

Fundi alikuwa amekata vyuma vya chini ya lango, ziwa lipite vizuri lisijikwaruze. Alilipaka kufuli grisi, akalifunga, akawaamkia, akaenda zake.

"Nirudishe nyumbani univue viatu, mwanangu," Bi Miche alisema. "Leo Jumamosi. Mgeni yuko njiani."