Konokono Mfukoni mwa Norman

Mwaka ule nilikuwa na liki mbili, zile mboga ndefu za jamii ya kitunguu, za kumshinda jirani yangu Norman Hedley, na nilijua. Nene, nyeupe pe, zimefanana kama pacha. Kwetu liki hushindanishwa kwa jozi. Mbegu aliniachia marehemu mume wangu, Ralph, aliyekuwa wa pili nyuma ya Norman miaka kumi na mmoja mfululizo. Kumi na mmoja! Niliapa kombe lile lazima lije nyumbani japo mara moja, likae kando ya picha yake.

Balaa ilikuwa konokono uchi, wale wasiobeba nyumba mgongoni. Mvua ilinyesha Agosti nzima, nao wakaja jeshi zima. Klabu yetu ya wakuza liki ilikuwa imepiga marufuku sumu tangu kalunguyeye wawili wakutwe wamekufa kwenye kabichi. Nikazungusha maganda ya mayai, wakayapanda. Nikafukia vikombe vya bia. Wengine wakafa wamelewa, wengine nadhani walikwenda kuwaita ndugu zao. Ikabaki mikono yangu. Kila asubuhi niliwaokota ndoo nzima, kisha nikafanya alivyofanya Ralph na baba yake: nikawarusha ng'ambo ya ua, kwa Norman. Usinitazame hivyo. Kwetu hata mchungaji hurusha.

Lakini kila nilivyorusha ndivyo walivyozidi. Siku kumi kabla ya mashindano nikakuta jani moja limetobolewa. Hasira zikanipanda, nikachota konokono wa kujaa mkono, nikawavurumisha kwa nguvu zangu zote. Papo hapo kitu baridi kikanitua usoni. Upande wa pili nikasikia mtu anatukana.

Nikapanda juu ya ndoo. Norman naye alikuwa juu ya ndoo yake, konokono kwenye kofia.

"Edna! Kumbe ni wewe?"

"Na wewe je? Mzee mzima, huoni haya!"

"Haya ya nini? Mumeo ndiye aliyeanza, mwaka ule wa mgomo wa mgodi!"

"Mwongo mkubwa! Ralph alisema ulianza wewe."

"Basi tumewalea sisi sote wawili." Akambandua yule wa kofiani, akamkodolea macho. "Huyu namjua kabisa. Namrusha tangu Jumatatu."

Nilicheka hadi ndoo ikaniangusha.

Siku hiyohiyo nikaenda kwa dada yangu Hilda kuazima bata wake sita. Norman aliwatazama, akakuna sikio.

"Bata wakae kwako, konokono wajifiche kwangu? Kazi bure hiyo."

Akaleta nyundo, akang'oa mbao tano za ua. Miaka arobaini ua ule ulikuwa haujaguswa. Bata wakapita mbio, shingo mbele, na mimi nikawapigia makofi kama mtoto. Kwa wiki moja walikula huku na kule, na liki hazikupata tundu jingine.

Siku ya mashindano ukumbi wa klabu ulijaa. Jaji alikuwa jozi moja tu kabla ya yangu nilipoona vipembe viwili vikichungulia kati ya majani ya liki yangu. Konokono! Mdudu mmoja, jozi inatolewa. Na mwenye liki akionekana kugusa meza, anatolewa pia. Norman, aliyesimama kando yangu, akaona nilichoona.

Akainama kana kwamba anakagua mizizi. Akakohoa kikohozi kikubwa cha wachimba makaa, watu wote wakageuka kumtazama usoni. Alipoinuka, mkono wake wa kulia ulikuwa mfukoni, na liki yangu ilikuwa safi.

Jaji akapima, akapima tena.

"Wa pili, Norman Hedley. Wa kwanza, Edna Tulip!"

Nilipiga kelele madirisha yakatikisika. Nikamwita Ralph kwa sauti mbele ya watu wote, wala sikuona aibu. Norman akanipa mkono wa kushoto. Wa kulia aliuacha mfukoni.

"Hongera, jirani," akaninong'oneza. "Huyu wako nitakurushia kesho."