Mshale Usiopanda

Kila asubuhi, mkewe, Chelagat, akishatoka kumpeleka mtoto wao Ian shuleni, Wangila alifungua dirisha la sebule, kisha akafungua kisanduku. Upepo mkavu wa Januari uliingia na vumbi la mashamba ya Kitale yaliyokwisha kuvunwa. Ndani ya kifuniko, mshale wa kipima unyevu ulianza kushuka. Naye alisimama hapo akiutazama, masikio yake mlangoni kama mwizi wa kuku.

Kisanduku hicho cha kuhifadhia sigara kilikuwa zawadi ya baba mkwe. Mzee Kipngeno, mwenye maghala ya mahindi katika miji ya Kwanza na Kachibora, alipenda sigara nene, zile za majani matupu yaliyosokotwa, na sasa alikuwa ameamua kwamba mkwe wake naye atavuta. Nani aliwahi kumkatalia Mzee Kipngeno? Nyumba waliyolala ilikuwa yake, kazi ya ghalani yake, hata jogoo aliyewaamsha alikuwa wake.

"Huu ni mwerezi," mzee alimwambia siku alipokileta. "Bado una kiu. Ukiweka sigara sasa, mti utazinyonya mpaka zipasuke. Kwanza unaupangusa na maji ya betri, yale safi yasiyo na chumvi, unaacha kibakuli cha maji ndani, unafunga. Mshale ukifika sabini ukakaa hapo, niite. Tutavuta mimi na wewe, halafu twende kwa wakili uandikwe msimamizi wa maghala. Na pale nyuma ya nyumba yangu, mtajenga."

"Asante, Baba," Wangila akajibu.

Asante! Ulimi ulimtangulia. Shule moja ya Bungoma ilikuwa tayari kumpa kazi ya kufundisha hesabu, kazi aliyoisomea, na mwalimu mkuu alikuwa akisubiri simu yake. Mama yake, Edinah, alikuwa peke yake Malakisi. Isitoshe, kwao mwanamume aliyejenga kwa wakwe hakuwa na pa kuketi wazee walipoketi. Yote hayo aliyajua, na bado akasema asante.

Kwenye kituo cha mafuta, mhudumu alimpa chupa ya maji ya betri akamuuliza, "Ni ya gari gani, bosi?"

"Sina gari."

"Sasa maji ni ya nini?"

Wangila alilipa akaenda zake. Nyumbani aliupangusa mti taratibu, ukawa mweusi kidogo, ukanukia vizuri ajabu. Akaweka kibakuli, akafunga. Siku chache baadaye aliuona mshale umepita sitini, ukikaribia sabini. Hapo alimkumbuka mama yake. Edinah alipokuwa akikausha tumbaku, mlango wa nyumba ya moto ukishafungwa, umefungwa. Mtoto aliyechungulia alichapwa, maana ufa mdogo tu ungeharibu jasho la msimu mzima. Wangila alichapwa sana. Kwa hiyo alijua vyema alichokifanya alipokifungua kile kisanduku kwa mara ya kwanza.

Jumapili, baada ya kanisa, Mzee Kipngeno alipita. Aligonga kioo cha kipimo kwa ukucha.

"Changu hakikusumbua hivi. Si mnakifungua?"

"Nani afungue, Baba?" Chelagat alijibu, macho kwenye chai aliyokuwa akimimina.

"Haya. Ongezeni maji. Mimi nina subira, na mti hauna pa kwenda."

Maneno hayo yalimkaa Wangila kifuani kama ugali mbichi. Alijichukia. Mtu mzima, baba wa mtoto, anapigana na mzee kwa kufungua na kufunga kifuniko! Jumatatu aliacha. Aliongeza maji, akafunga dirisha, akafunga kisanduku, akaenda ghalani akiwa ameshajisalimisha. Liwalo na liwe.

Lakini mshale haukupanda. Jumanne ulikuwa palepale. Alhamisi ulikuwa umeshuka. Wangila alikagua kifuniko asione ufa. Ijumaa alirudi nyumbani adhuhuri bila kutarajiwa.

Dirisha lilikuwa wazi. Chelagat alikuwa ameketi mbele ya kisanduku kilichofunguliwa, kibakuli kitupu kando yake, akiukausha mti kwa kitambaa.

"Mama Ian."

Hakushtuka. Alimaliza kona aliyokuwa akiipangusa. "Nilidhani uko ghalani."

"Tangu lini?"

"Tangu wiki ile ulisema asante." Alikunja kitambaa. "Nimelala kwa baba tangu nizaliwe. Nilikubali kuolewa na mtu wa Bungoma nikijua nitahama, bana. Nikangoja useme. Yeye akiuliza mshale, wewe unasema tu, 'Bado, Baba, bado.'"

Wangila aliketi sakafuni karibu naye. Aibu ilimjaa, na chini ya aibu, furaha ambayo hakujua aiweke wapi.

"Asubuhi nilikuwa nafungua mimi," alisema.

"Najua. Ulikuwa unasahau kufunga dirisha."

Nje, pikapu ya Mzee Kipngeno ilipiga honi langoni. Mkono wa Wangila ulikwenda wenyewe kwenye kifuniko. Chelagat aliushika, akaushikilia.

Honi ililia tena. Wangila akainuka, akakiacha kisanduku wazi vilevile, akaenda kumfungulia mzee lango.