Pua ya Ritha

Nathan alikuwa mkali kwa wateja wa mbao. Mashine yake ya leza, aliyoagiza kutoka China, ilikata kwa kuunguza, na mbao yenye dawa ya mchwa au gundi mbaya ilitoa moshi wa sumu. Lakini watu wa Singida walimletea takataka yoyote, kisha wakamwuliza, "Si mbao tu hiyo?"

Ukweli ni kwamba yeye mwenyewe hakuweza kuzitambua mbao zenye sumu. Miaka ya mwanzo alifanya kazi bila bomba la kutolea moshi, akidhani ni moshi kama wa jikoni tu, na pua yake ikafa. Tangu hapo alichonga kijiti cha kila mbao, akakiwasha, akakizima, akampa mkewe Ritha aliyekaa kwenye kigoda kando ya mashine.

Ritha alinusa. "Mninga safi," alisema. Au, "Hii ina dawa. Mrudishie mwenyewe."

Jumatatu, baba yake Ritha alifika kutoka Ilongero na ubao wa mlango wao wa zamani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mkwe. Mlango huu Ritha aliufungua tangu utotoni. Mkatie jina lake hapa, tuliweke kwenye msalaba wa kaburi."

Mzee alipoondoka, Nathan alichonga kijiti pembeni mwa ubao, akakiwasha, akakizima. Akakinyoosha kuelekea kigoda, bila kutazama.

"Hii ina nini?" aliuliza, akangoja mpaka moshi ukaisha.